Mhusika Asiyeonekana: Nafasi ya Msanifu wa Tajriba ya Mtumiaji katika Timu za Utayarishaji Mwepesi wa Programu

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayethubutu kuandika kuhusu utayarishaji wa programu za tarakilishi anastahili kuulizwa kilichompeleka huko. Kilichonipeleka mimi ni orodha ya maneno. Miaka michache iliyopita kampuni moja ya jijini Nairobi, ambayo sitaitaja, ilinipa kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili maneno ya programu ya simu iliyokusudiwa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Nililetewa jedwali lenye mistari mia sita na ushei. Hapakuwa na picha hata moja ya skrini. Yalikuwa maneno matupu, kirai hapa na kirai pale, mithili ya shanga zilizokatikiwa na uzi. Nilitafsiri kwa uaminifu, nikalipwa, nikashukuru.

Miezi kadhaa baadaye jirani yangu auzaye mboga alinijia na simu mkononi. Alikuwa amenuia kulipa shilingi 500 za mkopo wake, akabonyeza sufuri moja zaidi, zikawa 5,000. Aliligundua kosa lake kabla ya malipo kukamilika, akajaribu kutoka, na programu ikamwuliza iwapo alitaka kughairi malipo. Chini ya swali hilo palikuwa na vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Naye, kama ambavyo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili angefanya, akabonyeza "Ghairi". Pesa zikaenda. Katika mantiki ya waunda programu, kitufe kile kilikusudiwa kughairi huko kughairi.

"Mwalimu," aliniambia, "si nilighairi?"

Neno lilikuwa langu. Nililiandika katika mstari mmoja tu wa jedwali, na sikuwa na njia ya kujua kwamba lingetumika mahali pawili panapopingana. Lakini kosa halikuwa la tafsiri peke yake, wala halikuwa la msimbo peke yake, kwani kila mmoja wetu alifanya alichoagizwa. Kasoro ilikuwa katika mpangilio wa kazi: nani aliketi na nani, na lini. Makala haya yanadhamiria kueleza mpangilio huo, hususan jinsi usanifu wa tajriba ya mtumiaji unavyoweza kuingizwa katika timu zinazofuata mbinu nyepesi za utayarishaji wa programu, na kwa nini jambo hilo limekuwa gumu kuliko linavyosikika.

Dhana mbili na chimbuko lake

Ni vyema kutanguliza ufafanuzi. Tajriba ya mtumiaji ni jumla ya yale anayoyapitia mtu anapokitumia chombo: anachokiona, anachokielewa, anachokikosea, na hisia anayobaki nayo. Don Norman, aliyekuwa katika kampuni ya Apple mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiye anayetajwa sana kuwa aliieneza istilahi hiyo. Msanifu wa tajriba basi si mpaka rangi. Kazi yake huanza kwa kuwatazama watu, huendelea kwa kuchora na kujaribu, na aghalabu huishia katika mambo madogo kama vile neno lipi liandikwe juu ya kitufe kipi.

Mbinu nyepesi nazo zilipata jina lao mwezi wa Februari mwaka 2001, wakati wanaume kumi na saba walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, na kutoa ilani fupi. Miongoni mwao walikuwamo Kent Beck, Ward Cunningham, Martin Fowler, Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Walikuwa wamechoshwa na desturi ya kuandika mahitaji yote kwanza, kuchora mfumo wote, kuandika msimbo wote, kisha kumkabidhi mteja kitu ambacho huenda alikihitaji miaka miwili iliyopita. Badala yake walipendekeza kazi igawanywe katika mizunguko mifupi, ya majuma machache tu, na kila mzunguko uzae programu inayofanya kazi ambayo mteja anaweza kuiona na kuikosoa.

Kwa kuwa sisi ni watu wa matini, na tuisome ilani hiyo kama matini. Ina tunu nne na kanuni kumi na mbili. Neno "mteja" limetumika mara kadhaa, na limepewa hadhi: kumridhisha mteja ndilo lengo la kwanza. Neno "watumiaji" limejitokeza mara moja tu, katika kanuni ya nane, ambapo wanatajwa pamoja na wafadhili na waunda programu kama watu wanaopaswa kuweza kudumisha mwendo ule ule wa kazi. Hawatajwi kama watu wa kusikilizwa. Mteja na mtumiaji huweza kuwa mtu mmoja, lakini mara nyingi sivyo. Mteja wa kampuni iliyoniajiri alikuwa chama cha akiba na mikopo, na jirani yangu ndiye aliyekuwa mtumiaji. Mteja alionyeshwa programu kila baada ya majuma mawili, akaridhika kila mara.

Hadithi zenye wahusika bapa

Timu hizi nyepesi zina utanzu wao wa fasihi, nao ni hadithi ya mtumiaji. Beck aliianzisha katika mbinu yake ya miaka ya 1990 kama kadi ndogo inayobeba jambo moja analolihitaji mtu kutoka kwa programu. Baadaye ikapata umbo maalumu, linalohusishwa na kampuni ya Connextra ya London mwaka 2001, ambalo hudumu hadi leo: mimi nikiwa mtu wa aina fulani, nataka jambo fulani, ili nipate manufaa fulani. Kwa mfano: mimi nikiwa mwanachama, nataka kulipa mkopo kwa simu, ili nisiende ofisini.

Tazama ufundi uliomo. Kuna nafsi ya kwanza, kuna dhamira, kuna hata kiini cha mgogoro. Kinachokosekana ni mhusika. Huyu "mwanachama" ni bapa kiasi kwamba hana umri, hana miwani, hana mikono iliyolowa maji ya sukuma wiki, na hajawahi kubonyeza sufuri moja zaidi. Anasema "mimi", lakini aliyemsemea ni mtu aliyeketi ofisini. Mwanafunzi wa fasihi angeuliza mara moja: hii ni sauti ya nani?

Alan Cooper, mwandishi wa kitabu kuhusu usanifu wa programu kilichotoka mwaka 1999, alipendekeza kwamba msanifu aunde wahusika kamili, wenye majina, malengo na mazoea, kutokana na mahojiano na watu halisi, kisha kila uamuzi upimwe dhidi yao. Ni mbinu ya mwandishi wa riwaya iliyohamishiwa kwenye karakana. Ina hatari zake: mhusika huweza kubuniwa mezani bila mahojiano yoyote, na akaishia kusema yale ambayo timu ilitaka kuyasikia. Hata hivyo ilitia damu katika hadithi zile kavu.

Mvutano ulizuka. Mwaka 2002 yalichapishwa majibizano kati ya Beck na Cooper. Cooper alishikilia kwamba usanifu lazima utangulie msimbo, kwa sababu msimbo ukishaandikwa huganda, na anayejenga jengo refu hawezi kubuni msingi akiwa orofa ya tano. Beck aliukataa mfano huo. Kwake, programu si jengo la zege bali hubadilika kadiri watu wanavyojifunza, na kuweka awamu ndefu ya usanifu mwanzoni ni kurudisha kwa mlango wa nyuma desturi ile ile waliyoikimbia. Nimeyatafakari majibizano hayo na naona kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Ni kweli programu hubadilika kuliko zege, lakini hubadilika ikiwa yupo mtu anayeleta habari za kuibadilisha, na katika timu nyingi mtu huyo hakuwapo.

Mzunguko mmoja mbele

Jibu la vitendo lilitoka Toronto, Kanada. Kampuni ya Alias, ambayo Autodesk iliinunua mwaka 2006, ilikuwa ikitayarisha programu ya kuchorea iitwayo SketchBook Pro. Lynn Miller alieleza uzoefu wa timu yake mwaka 2005, na mwenzake Desirée Sy akaufafanua kwa kina mwaka 2007. Wazo lao ni rahisi kulisema: wasanifu na waunda programu waende sambamba kwa njia mbili, na njia ya wasanifu iwe mzunguko mmoja mbele.

Tuchukue mzunguko wa majuma mawili. Kabla ya wa kwanza kuna kipindi kifupi cha matayarisho, wanachokiita mzunguko wa sufuri, ambapo wasanifu huwatembelea watumiaji na timu nzima hukubaliana kuhusu lengo. Mzunguko wa kwanza unapoanza, waunda programu hushika kazi zenye msimbo mwingi na sura chache, kama vile kuhifadhi data. Wakati huo huo wasanifu wanasanifu yale yatakayoandikiwa msimbo katika mzunguko wa pili, na kukusanya habari za watumiaji kwa ajili ya mzunguko wa tatu. Mzunguko wa pili ukifika, waunda programu huupokea usanifu ambao umekwisha kujaribiwa kwa michoro, nao wasanifu hukichukua kilichoandikwa katika mzunguko wa kwanza na kukipeleka kwa watumiaji kuona kama kinafaa, huku wakisanifu cha tatu na kuchunguza cha nne. Yaani kwa wakati wowote msanifu anaangalia nyuma hatua moja na mbele hatua mbili.

Huenda msomaji akaona kwamba hiyo ni kazi nyingi kwa mtu mmoja, na kweli ni nyingi. Inawezekana tu kwa sababu majaribio yenyewe hufanywa madogo. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya usanifu, akitegemea hesabu aliyoifanya na Thomas Landauer mwaka 1993. Kadirio hilo limepingwa na wengi, na kwa mazingira yetu ningeongeza swali: watano gani? Vijana watano wa Eastlands wanaosema Sheng hawatafichua yale ambayo wazee watano wa Lamu wangefichua. Lakini watano ni bora kuliko kutokuwa na yeyote, na asubuhi moja yenye karatasi tano zilizochorwa vitufe ingetosha kabisa kuibua ile "Ghairi" yangu.

Jambo jingine lililobadilika Toronto ni namna ya kutoa taarifa. Ripoti ndefu zilipungua, mazungumzo ya ana kwa ana yakachukua nafasi. Hapa sina budi kukumbuka mafunzo yetu ya fasihi simulizi. Fanani hasubiri ngano ikamilike ndipo aulize hadhira kama imependa. Huiona ikipiga miayo, akakatiza maelezo. Huiona ikisogea mbele, akairefusha sehemu hiyo. Akiona watoto ni wengi leo, zimwi hupunguziwa ukali. Utendaji wake ni mizunguko mifupi, na hadhira imo ndani ya kikao. Timu iliyoona hadhira yake katika ripoti tu inafanana na mtunzi anayeandikia wasomaji ambao amesimuliwa habari zao.

Mpango huu wa njia mbili haukukosa wakosoaji. Katika timu nyingi ulizaa maporomoko madogo: wasanifu wakamaliza yao, wakairusha michoro juu ya ukuta, na kuendelea na mambo yao. Jeff Gothelf na Josh Seiden, katika kitabu chao cha mwaka 2013, walisisitiza kwamba msanifu awe mwanachama kamili wa timu, achore mbele ya wenzake, na mchoro usihesabiwe kuwa kazi iliyokamilika. Naafikiana nao, ila nadhani hoja yao haimfuti Sy. Kuwa hatua moja mbele kunahitajika kwa sababu mahojiano na watu huchukua muda ambao hauwezi kubanwa ndani ya juma. Mradi msanifu aketi meza moja na wenzake, si orofa tofauti.

Tatizo la pili ni la msuko. Ukizigawa kazi katika kadi ndogo ndogo, unapata vipande vingi vilivyo sahihi, kila kimoja kikiwa kimejaribiwa, lakini safari nzima ya mtumiaji haina mtiririko. Jeff Patton aliwashauri watu wazipange kadi zao mezani kwa mfuatano wa anayoyafanya mtumiaji kutoka mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuamua ipi itangulie. Kitabu chake kuhusu mbinu hiyo kilitoka mwaka 2014. Sisi tungesema amerudisha ploti.

Mfano wa nyumbani

Hatuna haja ya kwenda mbali kuona mtumiaji akibadilisha chombo. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, ilikusudiwa wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya walipie mikopo yao kwa simu. Waliokuwa katika majaribio walifanya hivyo, na wakafanya mengine ambayo hayakukusudiwa: wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao, wasafiri wakaweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili. Waliokuwa wakiyaongoza majaribio waliliona hilo, wakalipa uzito. Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, kiini chake kilikuwa kutumiana pesa, si kulipa mikopo. Sidai kwamba timu ile ilifuata ilani ya Snowbird. Nadai tu kwamba watazamaji wa watumiaji na waamuzi wa bidhaa walikuwa wakizungumza, na mapema.

Ngeli kama suala la usanifu

Limebaki suala ambalo waandishi wa Toronto hawakulazimika kulikabili, nalo ni letu. Katika timu nyingi lugha ya Kiswahili huingia mwishoni, baada ya mizunguko yote, kupitia jedwali kama lile nililoletewa. Wakati huo mambo mengine yamekwisha kuganda, kama alivyohofia Cooper.

Waunda programu hupenda sentensi yenye pengo. Huandika mara moja kwamba kitu fulani kimefutwa, na kuiachia programu ijaze jina la kitu hicho. Kwa Kiingereza pengo hilo hujazwa na karibu nomino yoyote ya umoja bila kitenzi kutikisika. Kwa Kiswahili ujumbe umefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa, kikundi kimefutwa, na mwanachama amefutwa, na hapo mtu huuliza amefutwa kazi au amefutwa machozi. Zana nyingi za kutafsiria programu zinajua umoja na wingi. Ngeli hazijui mpaka zifundishwe. Mtafsiri aliyepewa pengo moja huchagua upatanisho mmoja, basi skrini huanza kusema kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Dawa zipo. Kila nomino huweza kuandikiwa sentensi yake. Programu huweza kuhifadhi ngeli ya kila jina. Au sentensi yenyewe hugeuzwa ili mtumiaji awe kiima: "Umefuta ujumbe", "Umefuta picha", "Umefuta kikundi", na tatizo lote la upatanisho hutoweka. Njia hii ya tatu haigharimu msimbo wowote, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu angeipendekeza kwa dakika moja, lau angekuwapo. Haifai kila mahali, kwa maana mara nyingine si mtumiaji aliyefuta. Kujua wapi inafaa ni kazi ya usanifu, na haiwezi kufanyiwa ndani ya jedwali.

Vivyo hivyo urefu. Kirai cha Kiswahili aghalabu ni kirefu kuliko mwenzake wa Kiingereza, na ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160. Kitufe kilichochorwa kwa kipimo cha Kiingereza hukata maneno yetu katikati. Kuna pia lile neno moja la Kiingereza linalomaanisha kuokoa na kuhifadhi, ambalo bila picha ya skrini humwacha mtafsiri akibahatisha kama hati zinahifadhiwa au zinaokolewa kutoka kwenye moto. Mwandishi wa Kiswahili akiwa hatua moja mbele, pamoja na msanifu, haya yote yangegunduliwa yakiwa bado penseli.

Kampuni ile hatimaye ilivibadilisha vitufe. Sasa kimoja kinasema "Usilipe" na kingine "Endelea kulipa". Niliambiwa badiliko lenyewe lilichukua alasiri moja, ingawa tulikuwa tumelijadili kwa miezi minne. Katika kazi iliyofuata nilipewa michoro kabla ya jedwali, na nikaruhusiwa kuwaonyesha watu wa soko letu. Nilikaa nao asubuhi mbili nikizuia ulimi wangu usiwaelekeze, jambo ambalo kwa mwalimu ni adhabu.

Shilingi 4,500 za jirani yangu hazikurejeshwa. Zilihesabiwa kuwa malipo ya miezi iliyofuata, na kwa mujibu wa masharti ya mkopo hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya karo ya bintiye. Muhula ule aliilipa kwa kukopa tena, kupitia programu ile ile.